Faili zinazoharirika kutoka kwa kampuni ya ubunifu: tudai zipi, lini, na kwa maandishi gani?

Bi Viungo

Wanajukwaa, salamu kwenu. Jambo ninalolileta linawagusa wengi wetu tunaofanya biashara ndogo hapa Nairobi, na kwa kawaida huzungumzwa baada ya mambo kuharibika, wakati mteja na kampuni iliyombunia nembo hawapokeleani tena simu. Ningependa tulijadili mapema na kwa utulivu. Mtu anapoilipa kampuni ya ubunifu wa michoro imtengenezee nembo, lebo, sanduku au kijitabu, anastahili kukabidhiwa faili zipi, na azidai wakati gani?

Mimi napakia viungo vya chakula Kariobangi Light Industries: pilau masala, manjano ya unga, tangawizi, iliki. Kampuni moja ya hapa mjini ilinibunia nembo na lebo za pakiti za gramu 100, nikazipenda, nikaziidhinisha, nikalipa malipo yote. Nilichokabidhiwa ni PDF moja kwa kila lebo na picha kadhaa za JPEG. Kwa muda zilinitosha, kwa kuwa PDF ilikwenda matbaani na lebo zikatoka vizuri.

Kisha supamaketi moja ikataka pakiti ya gramu 50. Wanaouza bidhaa za kupakiwa wanajua maana yake: uzito ubadilike, msimbopau ubadilike pia, kwa sababu kila ukubwa wa pakiti huwa na nambari yake (zile zinazotolewa na GS1 Kenya huanza na 616), na maandishi madogo ya nyuma yapangwe upya ili yaenee katika nafasi finyu na bado yasomeke. Ni marekebisho ya mchana mmoja kwa mtu mwenye faili asilia. Niliiomba kampuni hiyo faili, nikajibiwa kwamba faili za kazi ni mali ya ndani ya kampuni, kwamba hazitolewi kwa mteja yeyote, na kwamba kila badiliko litatozwa ada na kusubiri zamu yake.

Nilikwenda kwa wachapaji wa River Road na ile PDF. Fundi aliifungua nikiwa nimesimama nyuma yake, na hapo ndipo nilipoelewa tofauti kati ya faili ya kuchapia na faili ya kufanyia kazi. Maandishi yote yalikuwa yamegeuzwa maumbo, kwa hiyo neno «gramu 100» lilikuwa mchoro tu na halikuweza kufutwa na kuandikwa upya kwa kibodi. Alilifunika, akaandika jingine kwa fonti iliyokaribiana nalo, na ukiitazama lebo kwa makini unaona mkia wa herufi «g» ya mstari huo haufanani na wa mstari unaofuata. Picha ya manjano na jani la mkaratusi lililo nyuma yake vilikuwa vimeshikamana kuwa kitu kimoja, hivyo jani halikuweza kusogezwa kupisha msimbopau. Karatasi ya majaribio ilipotoka, rangi yangu ya manjano ilikuwa imeingiwa na ukijani, na kwa mwenye kuuza manjano hilo si dogo.

Msimamo wangu ni kwamba anayelipia kazi ya ubunifu ana sababu ya haki kabisa ya kutaka faili zinazoharirika, kwa kuwa biashara hukua na kubadilika, na kampuni za ubunifu nazo hufungwa, huhama, au mbunifu aliyeijua kazi huondoka. Lakini naamini pia kwamba dai hilo lina wakati wake, nao ni kabla ya kazi kuanza, wakati wa kadirio la bei. Naomba wachapaji, wabunifu na wanasheria waliomo humu watusaidie kulisema dai hili kwa maneno yanayoeleweka, maana ukimwambia mbunifu «nitumie faili zote» anaweza kukutumia PDF na JPEG na akawa hajakudanganya.

Fundi wa Matbaa

Dada, umelieleza vyema, na mimi ninayezipokea faili hizi kila siku nikuongezee upande wa kazi yenyewe. Neno «faili» peke yake halitoshi. Inafaa mteja ajue kila aina ya kazi huzaliwa katika programu gani, kwa sababu faili inayoharirika ni ile ya programu iliyoizaa.

Nembo na lebo, kama yako, kwa kawaida hubuniwa katika Illustrator, na faili yake huishia na AI. Hapa mjini wachapaji wengi wanatumia CorelDRAW, ambayo faili zake huishia na CDR, kwa hiyo usishangae ukikabidhiwa hiyo. La muhimu ni kwamba zote mbili hushika mchoro kwa njia ya vekta, yaani mistari na mikunjo inayoweza kukuzwa kutoka ukubwa wa kizibo hadi bango la barabara ya Thika bila kuchakaa. Vitabu, katalogi na ripoti za mwaka hupangwa katika InDesign, na faili yake ni INDD. Picha zilizosafishwa na kuunganishwa huwa katika Photoshop, PSD, zikiwa na tabaka zake. Jani lako la mkaratusi lingekuwa katika tabaka lake peke yake, na kulisogeza kungekuwa kazi ya sekunde chache.

Sasa, kuna mambo ambayo huwakwaza hata wale waliopewa AI. La kwanza ni kwamba jina la faili halithibitishi kilichomo. Nimewahi kuletewa faili ya AI ambayo ndani yake kulikuwa na JPEG iliyobandikwa tu, na ukiikuza unaona pikseli kama vigae. Njia rahisi ya kukagua ni kuifungua katika Illustrator na kubonyeza Ctrl na Y. Programu itaonyesha mistari mitupu ya maumbo. Pale ambapo nembo ingepaswa kuwa na mikunjo yake, ukiona mstatili mmoja tu, hiyo ni picha na wala si vekta.

La pili ni fonti na picha zilizounganishwa. Faili ya InDesign haibebi picha ndani yake kwa kawaida, hushika kiungo cha mahali picha ilipo katika kompyuta ya mbunifu. Ukipewa INDD peke yake, utaifungua ukute picha zimepauka na onyo la fonti zinazokosekana. Ndiyo maana InDesign ina amri ya kufungasha, ambayo hukusanya hati, picha na fonti zinazoruhusiwa katika folda moja, na huweza kuongeza humo nakala ya IDML inayofunguka katika matoleo ya zamani ya programu hiyo pamoja na PDF ya kuonyesha kazi ilivyopaswa kuonekana. Illustrator nayo ina amri kama hiyo. Mteja aombe folda iliyofungashwa.

Kuhusu maandishi kugeuzwa maumbo, dada usiilaumu kampuni kwa hilo lenyewe. Sisi wachapaji ndio tunaoomba iwe hivyo, ili fonti isibadilike ikifika kwenye mashine yetu. Tatizo ni pale nakala hiyo inapokuwa ndiyo pekee. Kila kazi iwe na nakala mbili, moja yenye maandishi hai na moja iliyogeuzwa kwa ajili ya kuchapa, yenye ukingo wa kukatia wa milimita 3 kila upande.

Na rangi. Manjano yako kuingia ukijani inawezekana kabisa kwamba kazi ilikuwa katika RGB, ambayo ni rangi za kioo cha kompyuta, ikageuzwa CMYK, yaani rangi nne za wino wa kuchapia, na mashine bila mtu kuitazama. Kiasi kidogo tu cha wino wa samawati kinatosha kuyaharibu manjano. Dai viwango vya CMYK vya kila rangi ya nembo viandikwe kwa nambari katika ukurasa mmoja. Hata kama una nambari ya Pantone, yaani ya rangi kutoka orodha ya kampuni ya Pantone, andika CMYK pia. Mwaka 2022 Adobe, kampuni inayotengeneza Illustrator, InDesign na Photoshop, iliondoa maktaba nyingi za rangi za Pantone katika programu zake, na wapo waliofungua faili zao za zamani za Photoshop wakakuta sehemu zilizokuwa na rangi hizo zimekuwa nyeusi. Mwenye nambari zake za CMYK alikuwa na mahali pa kuanzia.

Mbunifu wa Westlands

Nawasalimu. Naendesha kampuni ndogo ya ubunifu na nitasema upande wetu bila kuuzunguka, kwa sababu mteja akituelewa, makubaliano huwa rahisi.

Fundi wa nguo hulipwa gauni, na karatasi aliyokatia kitambaa hubaki kwake. Wabunifu wengi huiona faili ya kazi hivyo hivyo. Ndani yake kuna zaidi ya lebo iliyoidhinishwa: kuna michoro iliyokataliwa, mapambo tuliyoyachora kwa ajili ya kazi nyingine, violezo tulivyovijenga kwa miaka, fonti tulizozinunulia leseni kwa jina letu. Kuikabidhi kama ilivyo ni sawa na kukabidhi vitu ambavyo mteja hakuvilipia, na vingine hatuna ruhusa ya kuvigawa. Isitoshe, bei nyingi za hapa mjini, hasa zile za chini zinazowavutia wateja, hupangwa kwa matarajio kwamba mteja atarudi kwa marekebisho. Mteja akidai faili mwishoni, anabadilisha hesabu ambayo bei ilijengwa juu yake.

Kuna hofu nyingine ambayo ni ya kweli. Mteja hupewa faili kabla ya kumaliza deni, kisha salio halionekani. Au faili huenda kwa mtu asiye na ujuzi, nembo ikavutwa upande mmoja kama mpira, halafu watu wanaambiwa ni sisi tuliobuni.

Pamoja na hayo, sikubaliani na jibu ulilopewa, Bi Viungo. Kusema «hazitolewi kwa mteja yeyote» ni kufunga mlango ambao ungeweza kuwa na bei. Sisi siku hizi tunaweka makabidhiano ya faili kama mstari wake katika kadirio la bei, mteja anauona, anaukubali au anauacha. Akiukubali, tunaandaa faili safi: michoro iliyokataliwa inaondolewa, tabaka zinapewa majina, picha zinafungashwa, na tunaandika orodha ya fonti. Maandalizi hayo ni kazi na yanastahili kulipwa. Ninaloomba kwa wateja ni mawili tu, kwamba faili zitolewe baada ya malipo yote, na kwamba dai lihusu kazi ya mwisho iliyoidhinishwa, wala si kila kitu tulichowahi kuchora njiani.

Juu ya fonti nisisitize, maana hapa ndipo wateja wengi hudhani tunawanyima kwa ubaya. Leseni ya fonti hupewa aliyeinunua. Fonti za huduma ya Adobe haziruhusiwi kufungashwa na kupelekwa kwa mtu mwingine, kila mtu huzipata kwa usajili wake mwenyewe. Mteja ambaye anajua tangu mwanzo kwamba atataka kuhariri mwenyewe anaweza kutuomba tutumie fonti zenye leseni huria, kama zile nyingi zilizomo katika Google Fonts, ambazo anaweza kuzipakua bila malipo na kuzitumia kibiashara. Tukiambiwa mapema, tunachagua hivyo. Tukiambiwa baada ya lebo kuchapwa, kubadilisha fonti ni kubadilisha sura ya bidhaa.

Wakili wa Milimani

Nimesoma kwa makini, na nina jambo la kuongeza kwa sababu naona haki mbili tofauti zinachanganywa.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, Sura ya 130, inaanza kwa kusema kwamba hakimiliki ni ya mtunzi. Lakini kifungu cha 31 kinaweka sharti ambalo wafanyabiashara wengi hawalijui: kazi ikiwa imeagizwa na mtu ambaye si mwajiri wa mtunzi, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamishiwa kwa yule aliyeiagiza, isipokuwa kama pande hizo mbili zimekubaliana kuuzuia au kuuwekea mipaka uhamisho huo. Kazi iliyofanywa na mwajiriwa katika ajira yake nayo huhamia kwa mwajiri kwa utaratibu huo huo. Kwa hiyo Bi Viungo, kama mkataba wako haukusema vinginevyo, mahali pa kuanzia mazungumzo ni kwamba wewe uliyeagiza lebo ndiye mwenye haki ya kuinakili na kuibadilisha. Soma basi masharti yaliyochapwa kwa herufi ndogo chini ya kadirio la bei ulilotia sahihi, kwa sababu huko ndiko kampuni nyingi huandika kwamba haki zote zinabaki kwao, na sentensi hiyo moja inaweza kuugeuza msimamo wote.

Hata hivyo, sheria hiyo inazungumzia haki, haizungumzii faili. Kuwa na haki ya kuibadilisha lebo hakumlazimishi mbunifu, kwa hilo peke yake, kukuletea AI au INDD aliyoitumia. Kukabidhi faili ni huduma, na huduma hutokana na makubaliano. Mfano wa gauni alioutoa Mbunifu unafaa kwa kiasi, lakini gauni halichapwi upya kila mwezi kwa vipimo vipya, na lebo huchapwa. Mnunuzi wa lebo ananunua kitu atakachokirudia, na ndiyo sababu makubaliano yake yanapaswa kukisema kirudio hicho.

Mambo matatu ya kuangalia katika maandishi. Kwanza, kampuni nyingi za Nairobi hutoa kazi kwa wabunifu wa kujitegemea. Hakimiliki hapo inasafiri kutoka kwa mbunifu huyo hadi kwa kampuni, kisha kwako, na mnyororo huo unaweza kukatika iwapo kampuni na mbunifu wake walikubaliana vingine. Iombe kampuni ithibitishe kwa maandishi kwamba ina haki inazokupa. Uhamisho wa hakimiliki kwa mujibu wa kifungu cha 33 hutakiwa uwe kwa maandishi yaliyotiwa sahihi, na hata pale sheria inapokuhesabia uhamisho yenyewe, karatasi hukuokoa na ubishi. Pili, mbunifu hubaki na haki zake za kimaadili chini ya kifungu cha 32, ikiwamo ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi na ya kupinga kazi yake kupotoshwa kwa namna inayomvunjia heshima. Ile hofu ya nembo kuvutwa kama mpira si ya kupuuzwa. Tatu, picha za hazina za mtandaoni na fonti haziwi zako kwa kuwa zimo katika faili yako. Omba orodha yake na masharti yake.

Nembo yenyewe isajiliwe kama alama ya biashara katika KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama hizo, kwa jina la biashara yako na si la aliyeibuni. Viungo vya chakula vimo katika daraja la 30 la mpangilio wa kimataifa unaotumika, ombi hutangazwa katika jarida kwa siku 60 ili mwenye pingamizi ajitokeze, na usajili hudumu miaka 10 ukiweza kuhuishwa tena na tena.

Mkifikia mgogoro wa fedha, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, sheria yake inalenga shauri liamuliwe katika siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Ila kwa mazungumzo haya ningependa usifike huko. Barua moja ya heshima inayotaja kifungu cha 31 na kuuliza bei ya kuandaa faili mara nyingi hufanya kazi kubwa kuliko vitisho.

Katibu wa Chama

Samahani kwa kuingilia, ila nina swali linalokaribiana na hili. Chama chetu kina kijana anayetutengenezea mabango na vyeti katika Canva, ile programu ya ubunifu ya mtandaoni. Hakuna AI wala INDD hapo. Tukitaka kazi hizo zibaki kwetu, tunadai nini?

Fundi wa Matbaa

Katibu, katika Canva kazi hukaa ndani ya akaunti, kwa hiyo kinachodaiwa ni nafasi ya kuingia. Njia bora ni chama kifungue akaunti kwa barua pepe ya chama, kisha kijana aalikwe kufanyia kazi humo. Kama kazi zimeshafanyika katika akaunti yake, akutumieni kiungo cha kiolezo kwa kila moja, mkifungue mkiwa katika akaunti yenu, na nakala inayoharirika itabaki kwenu. Fanyeni hivyo akiwa bado yupo nanyi, kwa sababu akifuta akaunti hakuna cha kuomba. Tahadhari moja tu: nembo iliyojengwa kwa mapambo ya hazina ya Canva isipelekwe kusajiliwa kama alama ya biashara, maana mapambo hayo yanatumiwa na kila mtu na masharti yao hayaruhusu.

Bi Viungo

Nimefaidika sana, na nawashukuru wote, hasa Mbunifu kwa kuzungumza bila kujificha. Nilirudi kwenye kadirio la bei nililotia sahihi. Halina neno lolote kuhusu hakimiliki wala faili. Kwa maelezo ya Wakili, hilo linaniweka mahali pazuri kuhusu haki, lakini bado nahitaji kampuni ikubali kunipa faili, na nimeandika barua ya kuuliza bei ya kuandaa lebo zote nne. Sikutumia neno kali hata moja.

Kwa kazi ninayoiagiza sasa, ambayo ni sanduku la kubebea pakiti 12, nimetunga aya ifuatayo na ningependa muikosoe: «Baada ya malipo yote kukamilika, kampuni itamkabidhi mteja faili zinazoharirika za kazi ya mwisho iliyoidhinishwa, katika muundo wa AI, zikiwa na maandishi yasiyogeuzwa maumbo, tabaka zisizounganishwa na picha zote zilizotumika, pamoja na nakala ya kuchapia iliyo tayari, viwango vya CMYK vya kila rangi, na orodha ya fonti na picha zenye leseni za watu wengine. Gharama ya makabidhiano haya imejumuishwa katika bei. Hakimiliki ya kazi ya mwisho ni ya mteja. Kampuni inaweza kuionyesha kazi hiyo miongoni mwa kazi zake.»

Sentensi ya mwisho niliiongeza kwa hiari yangu. Naona ni haki mbunifu ajivunie alichokibuni, na hainipunguzii kitu.

Mbunifu wa Westlands

Aya hiyo ningeitia sahihi. Rekebisha mawili. Taja toleo la Illustrator ambalo faili itahifadhiwa, au useme «toleo linalofunguka katika matbaa ya mteja», kwa sababu matbaa nyingine hutumia programu za zamani na faili mpya hufunguka kwao ikiwa na kasoro. Halafu weka muda wa makabidhiano, tuseme siku saba za kazi baada ya malipo, ili neno «baada ya» lisinyooshwe hadi mwaka ujao. Kama kampuni ni ya VAT, uliza pia kama bei ya makabidhiano imeshajumuisha ile asilimia 16, maana hapo ndipo ankara huleta mshangao.

Na kwa kampuni yako ya awali, kama wataitikia, mtarajie maandalizi ya lebo nne yasiwe kazi ya wiki. Kuondoa yasiyohitajika, kuzipa tabaka majina, kufungasha. Bei ikikaribia ile ya kubuni upya, rudi hapa utuambie, kwa sababu hapo itakuwa nafuu kumpa mbunifu mwingine azichore lebo hizo tangu mwanzo kwa kufuata PDF uliyo nayo, mradi Wakili akuthibitishie kwamba haki ni yako.

Wakili wa Milimani

Kwa kadirio lisilosema lolote, na kazi iliyoagizwa na kulipiwa na Bi Viungo mwenyewe, naona msingi wa kufanya hivyo upo. Ahifadhi kadirio hilo lenye sahihi, risiti za malipo, na ujumbe wa WhatsApp wa kuagiza na kuidhinisha, bila kufuta chochote katika mazungumzo hayo. Ujumbe wa simu unaweza kupokewa kama ushahidi ukitimiza masharti ya Sheria ya Ushahidi, na simu iliyouzwa haina ushahidi.

Fundi wa Matbaa

La mwisho kutoka upande wangu, dada, ni namna ya kuzipokea faili zikija. Usikubali kuandika «nimepokea» kwa kuiona folda tu. Zihamishe kwenye kompyuta ambayo si ya mbunifu, uzifungue hapo, kwa sababu kwenye kompyuta yake kila fonti na kila picha ipo na huwezi kuona pengo. Badilisha neno moja, kwa mfano hilo «gramu 100», uone kama linaandikika. Sogeza jani. Pima ukingo wa kukatia. Kisha chapa karatasi moja kwa mashine na karatasi zile zile utakazotumia, uiweke kando ya lebo ya zamani penye mwanga wa mchana. Yote hayo yanamalizika kwa muda usiozidi saa moja, na mbunifu akiwapo mezani, kasoro ikitokea anairekebisha papo hapo. Ukiwa na faili hizo, pitia kwetu siku yoyote isipokuwa Jumamosi alasiri, tutazikagua pamoja.